Kaimu na Kny.: Uhakiki wa Istilahi za Kutoa Amri kwa Mamlaka ya Mwingine

Katika mifumo ya kompyuta iliyozaliwa na Unix liko jambo moja ambalo wafasiri wa Kiswahili wamelipita kwa haraka mno, nalo ni lile la mtumiaji kutoa amri isiyotekelezwa kwa mamlaka yake mwenyewe, bali kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine aliyeandikishwa katika mfumo uleule. Fasiri inayoujia upesi ulimi wa kila afasiriye neno kwa neno ni "kuendesha amri kama mtumiaji mwingine". Sarufi yake haina kosa, na mwanafunzi aweza kuikariri bila taabu. Lakini maana yake imepinda, na kupinda huko hakuwahusu wanalugha peke yao. Kunagusa swali ambalo ofisi za serikali, za Bukoba na Muleba kama za mahali pengine, hulikabili kila karatasi inapotiwa saini: ni nani aliyetenda, na ni nani atakayeulizwa?

Kosa limo katika neno dogo "kama". Kiingereza kina neno la kufananisha na neno jingine la kutaja wadhifa. Kiswahili kimemtwisha "kama" mizigo yote miwili, na mzigo wa kufananisha ndio mzito zaidi. Mtu akisema, "Alinena kama Mkuu wa Wilaya", msikilizaji hawezi kujua kwa hakika kwamba aliyenena ndiye Mkuu wa Wilaya, au ni mtu aliyejitia ukuu asio nao. Akili ya msemaji wa Kiswahili huelekea kwanza kwenye maana ya pili. Hivyo "endesha kama msimamizi" humwambia msomaji afanye mfano wa msimamizi, yaani aigize. Mfumo wenyewe haumtaki aigize. Wataka aidha awe msimamizi kwa muda, au abaki alivyo na kutumia sehemu ya nguvu za msimamizi kwa idhini. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na kila moja lina amri yake.

Ya kwanza ni su, iliyokuwamo tangu Toleo la Kwanza la Unix la mwaka 1971. Hapo mwanzo kazi yake ilikuwa kumfikisha mtu kwenye cheo cha mtumiaji mkuu, yule aitwaye root. Baadaye ikaweza kumpeleka kwa mtumiaji yeyote. Atoaye amri hii huulizwa neno la siri la yule anayemwendea, si lake. Akilijua, mlango hufunguka, na tangu hapo kila amri aitoayo ni amri ya yule mwingine mpaka atakapotoka. Akiandika kistari baada ya su, hupewa na mazingira yote ya yule mwingine; asipokiandika, huingia chumbani mwa mwenzake akiwa bado amebeba baadhi ya vyombo vyake. Alama ya kuingia kwake huweza kubaki katika kumbukumbu, lakini yale atakayoyatenda ndani hayaandikwi kwa jina lake.

Ya pili ni sudo. Iliandikwa karibu na mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Buffalo, na tangu miaka ya 1990 mtunzaji wake amekuwa Todd C. Miller. Hii humwuliza mtu neno lake mwenyewe la siri. Kisha hutazama daftari, yaani faili liitwalo sudoers, ambamo imeandikwa nani aruhusiwa kutekeleza amri gani, kwa mamlaka ya nani, na katika mashine ipi. Jina lake likiwamo, amri ile moja hutekelezwa. Na katika kumbukumbu ya mfumo huandikwa jina la aliyeomba, folda aliyokuwamo, jina la yule ambaye mamlaka yake yalitumika, na amri yenyewe. Hapana mtu aliyegeuka kuwa mtu mwingine. Karani amebaki karani, na kazi imefanyika kwa nguvu ya mkuu.

Sasa mfasiri aliyekwama hapa angetoka katika kamusi na kusoma barua za kawaida za Halmashauri ya Wilaya ya Muleba au za Manispaa ya Bukoba, au za halmashauri yoyote ya Tanzania, kwa kuwa desturi ni moja. Chini ya barua hukaa saini, chini ya saini jina la aliyetia, na chini ya jina wadhifa. Mara nyingi wadhifa huo si wa aliyetia saini. Huandikwa "Kny. Mkurugenzi Mtendaji", yaani kwa niaba ya Mkurugenzi. Wakati mwingine huandikwa "Kaimu Mkurugenzi Mtendaji". Msomaji asiyezoea huona ni mamoja. Mtumishi wa masjala ajua kwamba si mamoja hata kidogo. Kaimu amekalia kiti. Mwenyewe yuko safarini au likizo, au kiti ki wazi, na maamuzi ya kiti yamo mikononi mwa kaimu mpaka mwenyewe arudi. Aliyeandika Kny. hakukalia kiti chochote. Mkurugenzi yumo ofisini mwake. Yeye ametia saini katika jambo moja aliloruhusiwa, na jina lake limeachwa wazi juu ya wadhifa ili ajulikane. Hiyo ya kwanza ndiyo su, na hii ya pili ndiyo sudo, nazo zilikuwa katika matumizi ya Kiswahili cha ofisini kabla mfasiri hajaanza kutafuta neno.

Asili ya maneno haya yathibitisha tofauti hiyo. Kaimu yatokana na Kiarabu, qaim maqam, asimamaye mahali pa mwingine; ni jina lililokuwa pia cheo cha utawala katika dola ya Waturuki. Picha iliyomo ni ya mahali: mtu ameondoka, mtu amesimama pale alipokuwa. Niaba na naibu ni ndugu wa shina moja, na picha yake ni ya kushika zamu kwa ajili ya mwingine. Kuna neno la tatu, kukasimu, ambalo shina lake ni kugawanya: akasimuye madaraka amekata fungu katika yaliyo yake na kumpa mwingine, naye amebaki na salio pamoja na haki ya kulirudisha fungu. Faili la sudoers ni daftari la madaraka yaliyokasimiwa, na haliwezi kuelezwa kwa neno bora kuliko hilo. Inasikitisha kwamba kukaimu na kukasimu, maneno yanayokaribiana sana kwa sauti, huchanganywa hata na watu waliosoma. Mwanafunzi wa istilahi angekuwa wa kwanza kuyatenganisha.

Nchi yenyewe ya Bukoba na Muleba ina habari ndefu katika suala hili, na habari hiyo ni funzo kwa mfasiri kuliko kamusi. Katika falme za Wahaya, Kiziba, Ihangiro, Kianja na nyinginezo, Mkama alikuwa na katikiro, neno ambalo Wahaya hulitumia pamoja na jirani zao Waganda. Katikiro alikuwa mtendaji mkuu wa Mkama, lakini hakuwa Mkama, wala hakuna aliyemdhania hivyo. Cheo chake kilikuwa na jina lake. Wajerumani walipoufanya mji wa Bukoba kuwa makao ya Residenti mwaka 1906, waliongeza daraja jingine juu ya ngazi hiyo: Residenti alitawala kwa kupitia Wakama. Waingereza waliofuata baada ya vita ya 1914 hadi 1918 waliutengeneza mpango huo kwa jina la Mamlaka ya Wenyeji, na Wakama wakawa na baraza lao Bukoba. Katibu wa baraza hilo kwa miaka mingi alikuwa Francis Lwamugira wa Kiziba, mtu ambaye hakukalia kiti cha enzi hata siku moja, naye alihesabiwa miongoni mwa wenye nguvu kabisa katika Buhaya nzima.

Hapa ndipo tofauti ya su na sudo inapoacha kuwa mchezo wa maneno. Katika utawala wa namna hiyo amri hutoka kinywani mwa Mkama, na daftari huandika kwamba ni amri ya Mkama, ilhali nia iliyoisukuma imetoka Boma. Atafutaye mwenye kujibu husoma jina lisilo lake. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walipinga kwa ghasia kanuni za kutunza mibuni na ukaguzi wa mashamba uliofuatana nazo. Kanuni zile zilivaa mamlaka ya wenyeji. Wakulima hawakudanganyika juu ya aliyezivika. Lakini kujua hakukuwapa njia ya kumwuliza, kwa sababu daftari halikuwa na nafasi mbili za majina. Lilikuwa na moja tu. Mtu akiisoma kumbukumbu ya mashine ambayo watu watano waifungua kwa neno moja la siri la root, ataona hali hiyohiyo: kila kilichofutwa kimefutwa na root, na root si mtu. Uchifu ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1963; desturi ya kumficha mtendaji nyuma ya jina la mwenye kiti haikuhitaji machifu ili iendelee.

Kwa hiyo fasiri ya "kama" haidhuru ufasaha peke yake. Karani ambaye hangethubutu kuiga saini ya mkuu wake huona wepesi kuandika neno la siri la mkuu huyo kwenye kibodi, naye hukiita kitendo hicho kusaidia kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Neno "kujifanya" limechaguliwa vema, nalo li karibu mno na "kuendesha kama". Ni ajabu kwamba lugha ya mafunzo imwamuru mtumishi jambo kwa maneno yaleyale ambayo lugha ya sheria ingeyatumia kulishtaki.

Neno root nalo lina mashaka yake. Wengi hulifasiri "mzizi", na kwa upande wa mti wa mafaili haina ubaya, kwa kuwa mafaili yote huanzia hapo na kutawanyika kama matawi. Lakini root ni jina la mtu pia, mtumiaji mkuu asiyezuiliwa na ruhusa za mafaili, na hapo mzizi haufai. Katika siasa za Tanzania tangu wakati wa TANU mti umesimama juu ya ardhi kama miti mingine: shina ndilo la chini kabisa, la nyumba chache chini ya balozi wake, na juu yake ni tawi, kisha kata, wilaya na mkoa. Mwanachama wa Kamachumu akiambiwa kwamba mzizi ndio wenye amri juu ya wote, atacheka, kwa kuwa amezoea amri kushuka kutoka juu hadi shinani. Unix imeupindua mti. Mfasiri hawezi kuuinua kwa neno moja, na ni afadhali amwache root kwa jina lake la kigeni kama wafanyavyo mafundi, na amweleze kwa "mtumiaji mkuu" panapohitajika maelezo.

Itasemwa kwamba haya yote hayana faida, kwa kuwa su na sudo ni amri ziandikwazo vilevile katika kila nchi, na hapana mtu atakayeandika "kny" katika mashine. Ni kweli kwamba amri hazifasiriwi. Lakini maelezo yake hufasiriwa, na majibu yake pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux, ilidhihirika kwamba programu nzima huweza kuzungumza Kiswahili kinachosomeka. Kazi ile, ambayo yastahili sifa zaidi ya ilizopata, ilihusu programu ya ofisini, ya kuandika barua na kujumlisha hesabu, ambamo mtumiaji hana haja ya kuazima mamlaka ya mwingine. Msamiati wa utawala wa mfumo ulibaki ukiwangojea wafasiri. Mwaka huohuo wa 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo wa Linux ambao tangu mwanzo uliifunga akaunti ya root na kumtaka kila mwenye haki apite kwa sudo. Jina lake ni la Kibantu, na Mhaya halihitaji mkalimani, kwa kuwa obuntu ya kwao ni ule wema na utu wa kumjali mwingine. Basi mfumo wenye jina liwezalo kueleweka Kanazi na Rubya ndio ulioueneza utaratibu wa Kny. miongoni mwa watumiaji wa kawaida, na maelezo yake kwa Kiswahili bado yanasema "kama".

Mfano wa jibu moja watosha kuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Mtu asiyeandikwa katika sudoers akijaribu kuitumia amri hiyo, kwa miaka mingi sudo ilimjibu kwamba jina lake halimo katika faili, na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Kiswahili cha "litaripotiwa" kina kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji, na msomaji hujiuliza: litaripotiwa na nani, na kwa nani? Katika Kiingereza ukimya huo umekuwa mzaha wa mafundi. Katika Kiswahili cha serikali ukimya wa namna hiyo hausikiki kama mzaha. Unasikika kama tishio. Fasiri iliyo njema ingemtaja apokeaye: "Habari hii itapelekwa kwa msimamizi wa mfumo." Ni maneno machache yaliyozidi, nayo humweleza mtu hali yake badala ya kumtia hofu.

Jambo jingine la kuangaliwa ni lugha ya ruhusa zenyewe. Mwandishi wa sudoers huweza kuandika kwamba fulani atumie mamlaka ya mtumiaji yeyote isipokuwa root. Kwa masikio ya mwanasheria maneno hayo yamefunga mlango. Mwezi wa Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba hayakuufunga: mtu aliyeruhusiwa hivyo aliweza kutaja mtumiaji kwa namba badala ya jina, akaandika namba hasi ya moja, na mfumo ukaichukua kuwa ni sifuri, ambayo ndiyo namba ya root. Kosa lilirekebishwa katika toleo la 1.8.28. Lilikuwa kosa la hesabu, si la lugha. Walakini lilimpata yule aliyekasimu kwa kusema "yote isipokuwa", na halikumgusa aliyetaja kwa majina anachokitoa. Barua ya kukasimu madaraka iliyoandikwa vizuri hutaja jambo kwa jambo. Wafasiri wa miongozo wangefaa kuyaweka mbele mifano ya namna hiyo, na si ile ya "isipokuwa" ambayo hupendwa kwa ufupi wake.

Limebaki fungu moja ambalo kaimu na Kny. hazilifikii. Mfumo huweka kwa kila kazi inayoendelea namba mbili za mtumiaji: moja ya mtu aliyeianzisha, na nyingine ya yule ambaye mamlaka yake yanatumika sasa. Ya kwanza yaweza kuitwa namba ya mwenyewe, na ya pili namba ya mamlaka. "Halisi" na "fanisi", ambazo fasiri ya neno kwa neno ingezileta, hazifai, kwa maana zote mbili ni halisi na ufanisi haumo. Namba hizi hutengana hasa kwa ajili ya uvumbuzi wa Dennis Ritchie, ambao hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1979. Kwa uvumbuzi huo faili la programu hutiwa alama, na kila aiendeshaye programu hiyo, awe nani, huiendesha kwa mamlaka ya mwenye faili. Hivyo ndivyo mtumiaji wa kawaida awezavyo kubadili neno lake la siri ingawa faili la maneno ya siri ni mali ya root. Hapa mamlaka hayakupewa mtu. Yametiwa katika chombo.

Kiswahili cha ofisini kinacho chombo cha namna hiyo, nacho ni muhuri. Karani aliyekabidhiwa muhuri hakukaimu wala hakukasimiwa madaraka ya kuamua, lakini karatasi aliyoigonga huwa na nguvu ya ofisi nzima, na kwa sababu hiyo muhuri hufungiwa kabatini jioni. "Programu yenye muhuri wa mwenyewe" ingekuwa istilahi inayoeleweka bila maelezo kwa mtumishi yeyote wa Bukoba. Mtu akiitazama orodha ya mafaili ataiona alama hiyo, herufi s imekaa mahali pa x, na ataiona juu ya su na sudo zenyewe: zote mbili ni mali ya root, zote mbili zina muhuri wake, na msimamizi akiufuta muhuri huo hakuna kati yake itakayoweza tena kumpa mtu mamlaka ya mwingine.